Jiwe la Kilo Moja

Mizani naijua.
Miaka sita nimesimama mbele yake pale Kibaigwa
nikimtazama Chilongola akiinua gunia langu kwa goti,
kidogo tu, kama mtu anayejikuna,
na karanga zilizonivunja mgongo tangu Desemba
zikapungua kilo tatu mbele ya macho yangu
bila hata moja kudondoka.

Basi siku ya kliniki, zahanati ya Pandambili,
nilipoiona ile saa ya bati inaning'inia kwenye boriti
na chini yake kaptura ya turubai yenye mikanda,
sikumtazama mwanangu.
Nilitazama goti la nesi.

Wendo, miezi kumi na minne,
akatumbukizwa miguu, akaachwa hewani,
anarusha mateke kama mbuzi wa mnadani.
Mshale ukatetemeka, ukafikiri, ukatulia.
"Saba na gramu mia," akasema Nesi Agripina,
na kalamu yake ikatia nukta kwenye kadi
pale kijani kinapokwisha, kijivu kinapoanza.

Nikasema: mizani yako ina kasoro.

Foleni nzima ikanyamaza.
Nikafungua pindo la kitenge, nikatoa jiwe,
jiwe la chuma, kilo moja, la dukani kwa shemeji,
lenye muhuri wa serikali ubavuni.
(Nililiazima alfajiri. Nilijua nitahitaji shahidi.)
Nesi hakukasirika. Angekasirika, ningejua la kufanya.
Alilipokea kwa mikono miwili, akalikalisha kwenye kaptura,
mshale ukaenda moja kwa moja kwenye moja
ukasimama kama msumari.

Mizani ilikuwa inasema kweli.
Sijawahi kuuchukia ukweli kama asubuhi ile.

Maana mashavu anayo, jamani, nilikuwa nayabusu kila siku.
Na mavyaa husema, "Ukoo wetu ndivyo ulivyo,
baba yake alikuwa ufito, leo anabeba magunia."
Nikamwamini, kwa kuwa kuamini hakudai nauli.

Utepe ukazungushwa mkono wa kushoto, juu ya kiwiko.
Ukasoma njano.
Rangi ya alizeti, nikawaza, rangi ya kuchanua.
Kwenye utepe haina maana hiyo.

"Anakula nini?"
Uji wa uwele. Ugali na mlenda.
"Na karanga?"

Hapo nikaanza kutafuta kandambili yangu, nayo nimeivaa.
Karanga ni ada ya kaka yake. Karanga ni mabati.
Zote zimepita kwenye goti la Chilongola,
hata konzi moja haijapita kwenye kinu changu.
Mimi, mkulima wa karanga.

Hakunihubiria. Alisema tu:
"Konzi moja. Kaanga, twanga, koroga kwenye uji.
Kila siku, mama, siyo siku ya wageni."

Msimu huo gunia langu la mwisho lilikwenda na mdomo uliolegea.
"Mbona pungufu, Mama Wendo?" Chilongola akauliza,
goti lake tayari.
Nikamwambia, nyingine ziko kwenye mizani isiyo na goti.

Saba na nusu.
Bado ni kijivu. Nesi akaziunga nukta mbili,
mstari mfupi kuliko ukucha wangu,
ila unapanda,
kama njia ya kisimani wakati wa kurudi na ndoo.
Mavyaa akaishika kadi juu chini, akasema, "Si niliwaambia?"
Nikamwacha na ushindi wake.

Jiwe bado liko kwangu, chini ya mto.
Shemeji amelidai mara mbili, mara ya pili kwa sauti.
Nitalirudisha. Kwanza nataka mkono wangu
uijue kilo moja ilivyo gizani,
ili usiku, nikimnyanyua Wendo kumgeuza ubavu,
nisipunjwe na mapenzi.